Farasi hasemi, sasa wanajuaje kama dawa imemsaidia?

Tarehe 6 Mei 2023, asubuhi ya Kentucky Derby, mbio maarufu za farasi kule Marekani, madaktari wa mifugo wa jimbo la Kentucky walimtoa kwenye mbio farasi aliyekuwa anapewa nafasi kubwa kuliko wote, anaitwa Forte, wakasema ana mvilio wa damu kwenye wayo wa mguu wa mbele wa kulia. Habari ile ilisambaa mpaka kwa watu ambao mbio za farasi hawazifuatilii kabisa, maana wiki zilezile pale Churchill Downs, uwanja wa mbio hizo, farasi walikuwa wanakufa mmoja baada ya mwingine, wakafika 12, na mwezi Juni mbio zikahamishiwa uwanja mwingine. Swali lililobaki kwa wengi ni la kawaida kabisa: farasi yupo anatembea, anakula, halafu mmoja anasema mgonjwa na mwingine anasema mzima, hivi hiyo inapimwaje?

Miaka miwili kabla ya hapo, 2021, kulikuwa na ishu nyingine. Watu Marekani walikuwa wananunua ivermektini ya farasi, ile dawa ya minyoo ya pesti ya kwenye bomba, wanajitibu nayo Korona, mpaka mamlaka ya dawa ya kule, FDA, ikabidi iwaambie hadharani kwamba wao sio farasi. Nilisoma hoja nyingi za watu kipindi kile na moja ilikuwa inajirudia sana, kwamba kama dawa imeshapimwa kwa farasi basi imeshapimwa, inatosha. Na upande wa pili wapo wanaoamini dawa za wanyama zinapitishwa kiholela tu kwa sababu mnyama hawezi kulalamika. Pande zote mbili hazijaelewa kazi yenyewe inavyofanyika, na mimi naona ni kazi inayostahili kueleweka, kwa hiyo twende taratibu.

Kwanza maneno. Ukali wa ugonjwa ni kiasi ambacho mnyama anaumwa kwa wakati huu, sio jina la ugonjwa. Farasi wawili wanaweza wote kuwa na kiungo kilicholika, mmoja anachechemea kidogo akigeuka kona kali tu, mwingine mguu haugusi chini, ugonjwa ni uleule ila ukali ni mbingu na ardhi. Gredi ni namba ambayo daktari anaupa huo ukali. Jaribio la dawa ni pale farasi wagonjwa wanagawanywa makundi kwa bahati nasibu, kundi moja linapewa dawa mpya, lingine linapewa plasebo yaani kitu kinachofanana na dawa kwa sura na ladha ila ndani hakuna dawa, au linapewa dawa ya zamani inayojulikana, halafu baada ya muda walioupanga wanalinganisha gredi za mwanzo na za mwisho. Ndo hivyo tu. Ugumu wote upo kwenye hizo gredi.

Tuchukue kuchechemea, kwa sababu ndo tatizo linalowasumbua watu wa farasi kila siku. Marekani wanatumia kipimo cha chama cha madaktari wa farasi, AAEP, kinachoanzia 0 mpaka 5. Gredi 0 hakuna kitu kinachoonekana kwa namna yoyote. Gredi 1 ni shida kuona na hata ukiona haijirudii, leo ipo, ukimzungusha tena haipo. Gredi 2 akitembea au akikimbia mbio ndogo kwenye mstari ulionyooka huoni vizuri, ila kwenye mazingira fulani, kama akizungushwa duara au akipandwa, inaonekana kila mara. Gredi 3 inaonekana kila mara akikimbia mbio ndogo, popote pale. Gredi 4 inaonekana wazi hata akitembea tu. Gredi 5 mguu anaukanyagia kidogo sana au haukanyagii kabisa, au hawezi kusogea. Hizo mbio ndogo ninazosema ni ule mwendo ambao mguu wa mbele wa kulia unatua pamoja na wa nyuma wa kushoto, halafu wanabadilishana, na madaktari wanaupenda kwa sababu mzigo unagawanyika sawa pande zote, kwa hiyo kama upande mmoja unaogopwa utaona. Mguu mbovu wa mbele unapotua kichwa kinapanda juu, mguu mzima unapotua kichwa kinashuka. Kwa miguu ya nyuma unaangalia nyonga, kama zinapanda na kushuka sawasawa kulia na kushoto.

Halafu Uingereza wengi wanatumia 0 mpaka 10. Kwa hiyo ukisikia "farasi ana gredi 3" bila kuambiwa ni kipimo kipi, hujaambiwa kitu bado.

Sasa shida ya kwanza. Wape walimu watano insha moja wasahihishe kila mtu peke yake. Insha mbovu kabisa wote wataifelisha, insha nzuri sana wote wataipa alama za juu, ila ile ya katikati mmoja ataipa 11 kwa 20 na mwingine 15, na wote wawili watakuwa na sababu za kueleweka. Kwa farasi ni hivyohivyo na imeshapimwa. Mwaka 2010 Kevin Keegan wa Chuo Kikuu cha Missouri na wenzake walichapisha utafiti wa farasi 131 walioangaliwa na madaktari wazoefu, na swali lilikuwa jepesi tu, mguu huu unachechemea au hauchechemei. Pale ambapo wastani wa gredi ulizidi 1.5 madaktari walikubaliana asilimia 93.1 ya mara. Pale ulipokuwa 1.5 au chini walikubaliana asilimia 61.9. Fikiria hapo, swali la ndio au hapana, ukirusha sarafu tu utakubaliana na mwenzako kama nusu ya mara, na hawa ni watu wamesomea na wamefanya kazi hiyo miaka. Sio uzembe wao. Jicho la binadamu lina mwisho wake, tofauti kati ya kulia na kushoto ikiwa ndogo sana jicho halioni, liwe la nani.

Ndo maana jaribio zuri la dawa ya kuchechemea haliwachukui farasi wa gredi 1. Ukiwachukua hao, nusu ya unachokipima ni mabishano ya madaktari. Na gredi 5 nao mara nyingi hawaingizwi, kwa sababu farasi asiyeweza kukanyaga anaweza kuwa amevunjika au ana usaha kwenye kwato, anahitaji matibabu yake ya haraka, huwezi kumweka kwenye kundi ambalo huenda likapewa plasebo wiki mbili, huo ni ukatili. Wanaobaki ni wa katikati. Hilo watu wanalisahau dawa ikishatoka: imepimwa kwa farasi wa katikati, halafu inanunuliwa kwa ajili ya farasi wa aina yoyote.

Shida ya pili inanigusa zaidi kwa sababu inahusu sisi wenyewe. Watu wanasema plasebo haiwezi kufanya kazi kwa mnyama, mnyama hajui kama kapewa dawa, sasa atajidanganyaje? Ni kweli farasi hajui. Ila anayetoa gredi ni mtu, na mtu anajua. Mwaka 2006 lilichapishwa jaribio Uingereza kuhusu ganzi, ile sindano ambayo daktari anachoma kwenye neva ya mguu ili aone kama maumivu yanatokea sehemu hiyo, na ikaonekana kule kujua tu kwamba farasi keshachomwa ganzi kulibadilisha gredi ambazo madaktari walitoa. Na kwa mbwa wenye viungo vilivyolika, utafiti wa Marekani wa 2012 uliwaangalia wale waliopewa plasebo tu, miguu yao ikapimwa kwa mashine ikaonekana haijabadilika, lakini wenye mbwa zaidi ya nusu ya mara walisema mbwa ana nafuu, na madaktari hawakuwa mbali sana na hapo. Hawa watu hawakuwa wanadanganya, walikuwa wanampenda mnyama wao na wanataka apone, na hamu hiyo inaingia mpaka kwenye macho.

Kuna na kitu kingine kinachosaidia kudanganya macho. Mtu anampeleka farasi kwa daktari siku ambayo hali imekuwa mbaya zaidi, sio siku ya kawaida. Magonjwa mengi ya viungo yanapanda na kushuka yenyewe, kwa hiyo ukimpima siku mbaya kuliko zote halafu ukampima tena baada ya wiki mbili, kuna uwezekano mkubwa utamkuta na nafuu hata kama ulimpa maji. Bila kundi la kulinganisha huwezi kujua nafuu imetoka wapi.

Kinachofanyika kuzuia haya yote ni kwamba anayetoa dawa na anayetoa gredi wasiwe mtu mmoja, na wasizungumze hayo. Mabomba ya pesti yanafanana, yana namba tu. Wengine wanarekodi video za farasi wote, za kabla na za baada, wanazichanganya, halafu daktari anazitazama bila kujua ipi ni ya siku ya kwanza na ipi ya mwisho. Mimi nikisoma ripoti ya dawa ya wanyama hicho ndo naangalia mwanzo kabisa, nani aliangalia na alikuwa anajua nini wakati anaangalia. Kama hawakusema, namba zao siziamini sana hata ziwe nzuri vipi.

Tuje kwa maumivu. Farasi ni mnyama anayewindwa, porini akionyesha udhaifu simba anamchagua yeye, kwa hiyo anaficha. Akifika mtu mgeni, akisikia kelele, akishushwa kwenye lori, adrenalini inapanda na kuchechemea kunaweza kupungua kabisa kwa muda. Daktari anaondoka, farasi anarudi kwenye hali yake. Watafiti wakaanza kuangalia uso. Mwaka 2014 Emanuela Dalla Costa na wenzake walichapisha kipimo cha uso wa farasi, walikitengeneza kwa kuwaangalia farasi waliohasiwa, wakachagua vitu sita: masikio yaliyokakamaa kwenda nyuma, jicho kufumba kidogo, misuli ya juu ya jicho kukaza, misuli ya kutafunia kutokeza, mdomo kukaza na kidevu kujitokeza, na pua kukaza mpaka upande wa uso unaonekana bapa. Kila kimoja kinapewa 0, 1 au 2, jumla ya juu 12. Kizuri chake ni kwamba hata anayemhudumia farasi kila siku anaweza kufundishwa. Ubaya wake farasi anayesinzia au aliyepewa dawa ya kutuliza naye jicho linafumba, kwa hiyo inabidi ujue uso wa huyo farasi akiwa mzima, na ujue kapewa nini saa ngapi.

Sue Dyson wa Uingereza naye ametengeneza orodha ya tabia 24 za farasi akiwa anapandwa, kama kurusha mkia mara kwa mara, kufungua mdomo, kugoma kwenda, na zikionekana 8 au zaidi kuna uwezekano mkubwa ana maumivu ya misuli au mifupa. Hapa kuna dhana moja nataka niiguse, ile ya kwamba farasi mkaidi ni mkaidi tu, achapwe. Wengi wa hao wakaidi wanaumwa na hawachechemei kwa namna ambayo macho yetu yanaona.

Baada ya kusoma hayo yote mtu anauliza, sasa si watumie mashine tu waachane na macho? Mashine zipo. Kuna sahani ya chuma inayofukiwa kwenye sakafu, farasi akiikanyaga inapima nguvu ambayo kila mguu unaiweka chini. Kuna sensa ndogo zinafungwa kichwani, kwenye nyonga na kwenye mguu mmoja wa mbele, zinapima kichwa na nyonga vinapanda na kushuka kiasi gani kwa kila hatua. Mfumo mmoja unaotumika sana unaweka mpaka kwenye milimita 6 kwa kichwa na milimita 3 kwa nyonga, tofauti ya kulia na kushoto ikizidi hapo inahesabiwa. Milimita 3, jicho gani litaona hiyo.

Lakini angalia kilichotokea Uswidi. Marie Rhodin na wenzake walichukua farasi 222 wa kupanda, wote wapo kwenye mazoezi, wote wenye nao wanasema farasi wangu ni mzima, wakawafunga sensa. Karibu asilimia 73 walivuka mipaka hiyo. Utafiti wao ulitoka 2017. Sasa hapo una maelezo mawili, ama farasi wengi sana wanaumia na wenyewe hawajui, ama kutokwenda sawa kulia na kushoto ni jambo la kawaida kwa farasi wengi kama vile watu wengi wanavyotumia mkono mmoja zaidi ya mwingine. Baadaye kikundi hichohicho cha Uswidi kikawapa farasi wa namna hiyo dawa ya maumivu inaitwa meloksikamu kwa siku kadhaa, ili waone kama tofauti itapungua, haikupungua. Bado haijaisha hapo, kwa sababu yapo maumivu ya muda mrefu ambayo dawa ya aina hiyo haiyagusi. Kwa hiyo mashine inakupa milimita za kweli kabisa, ila milimita sio maumivu. Ni alama ya kitu, na hicho kitu bado inabidi mtu mwenye akili akitafute.

Hata mapigo ya moyo ni hivyo. Farasi mzima aliyetulia moyo unapiga kama mara 28 mpaka 44 kwa dakika, na mwenye maumivu makali ya tumbo unaweza kuzidi hapo sana, lakini farasi aliyeogopa naye unazidi. Kwenye mbio ndefu za masafa ambazo ndugu zetu wa Ghuba wanazijua vizuri, farasi anasimamishwa kwenye vituo na moyo wake lazima uwe umeshuka mpaka kiwango kilichowekwa ndani ya muda, na pamoja na hayo bado daktari anataka amwone akikimbizwa huku mtu kamshika kamba, anasikiliza utumbo, anaangalia fizi. Namba moja peke yake hawaiamini, na wana haki.

Sasa vidonda vya tumbo, kwa sababu hapa ndo watu wanapigwa na asilimia. Farasi anapata vidonda vya tumbo kama mtu, hasa wale wa mashindano, na huwezi kuviona mpaka umpitishie puani kamera ya bomba refu la kama mita 3 mpaka tumboni, akiwa hajala tangu jana yake. Tangu 1999 kuna kipimo cha 0 mpaka 4: gredi 0 ukuta wa tumbo ni mzima, gredi 1 haujachanika ila umebadilika rangi au umekuwa mgumu, gredi 2 vidonda vidogo, gredi 3 vikubwa au vilivyosambaa juujuu, gredi 4 vimesambaa na vingine vimeingia ndani. Mwaka huohuo FDA ilipitisha pesti ya omeprazole kwa farasi, miligramu 4 kwa kila kilo ya uzito mara moja kwa siku, siku 28. Kwenye jaribio lake, asilimia 92 ya waliopewa dawa vidonda vilipona au vilipungua ukali.

Soma tena hiyo sentensi ya mwisho. Vilipona au vilipungua. Farasi aliyetoka gredi 4 akafika 3 yumo, na aliyetoka 2 akafika 0 yumo, wote wapo kwenye 92. Mtu akikuuzia kwa kusema dawa inaponya farasi 92 kati ya 100 hajakuambia kilichoandikwa. Na kuna namba ya pili ambayo matangazo hayaipendi, kundi ambalo halikupata dawa nalo asilimia 32 walipona au walipungua. Karibu theluthi, bila dawa. Kwa hiyo kazi ya dawa ni ile tofauti kati ya 92 na 32, na ni tofauti kubwa sana, dawa hiyo ni nzuri kweli, mimi sina shaka nayo, sema ukibeba 92 peke yake umeipa dawa sifa ya mambo ambayo yangetokea yenyewe.

Na hata hicho kipimo cha 0 mpaka 4 baadaye kilikutwa na kasoro. Tumbo la farasi lina sehemu mbili, ya juu ina ngozi ngumu isiyotoa asidi, ya chini ina tezi. Vidonda vya juu na vya chini vinaletwa na sababu tofauti na havipokei dawa kwa namna moja, vya chini ni vigumu zaidi kupona kwa omeprazole peke yake. Mwaka 2015 wataalamu wa magonjwa ya ndani ya farasi wa Ulaya walitoa tamko kwamba kwa vidonda vya sehemu ya chini gredi hizo zisitumike, badala yake daktari aeleze tu anachokiona, kiko wapi, kina umbo gani, kimesambaa kiasi gani. Niliposoma hilo niliwaheshimu sana, maana ni rahisi kuendelea kutoa namba kwa sababu namba inaonekana ya kisayansi, kuliko kukiri kwamba hapa hatujui kama 3 ni mbaya kuliko 2.

Hilo linatuleta kwenye kosa ambalo hata waliosoma wanalifanya, kuzichukulia gredi kama kilo au sentimita. Rudi kwenye kuchechemea. Kutoka 5 kwenda 4 ni farasi ambaye alikuwa hawezi kukanyaga sasa anatembea, ni maisha mapya. Kutoka 1 kwenda 0 ni kitu ambacho madaktari wawili hawakuwa na uhakika kama kilikuwepo. Zote mbili zinaandikwa "ameshuka gredi moja". Na gredi 4 sio mara mbili ya gredi 2. Kwa hiyo ripoti ikisema kwa wastani farasi walishuka gredi 1.3, uliza walianzia wapi wakaishia wapi, wangapi walishuka, wangapi walibaki palepale na wangapi walizidiwa. Hao waliozidiwa ndo wanapotea kwenye wastani. Na kuna wale walioondolewa jaribio likiwa halijaisha kwa sababu walizidiwa ikabidi wapewe matibabu mengine, hao kwa haki wanatakiwa wahesabiwe kama dawa imeshindwa kwao, ukiwafuta kwenye orodha dawa inakuwa nzuri ghafla.

Kitu kingine cha kutazama ni namna walivyosema mapema mafanikio ni nini. Mfano mzuri ni firokoksibu, dawa ya maumivu ya viungo vilivyolika. Jaribio lake kubwa liliwachukua farasi 253 wa watu, wakagawanywa, wengine firokoksibu, wengine fenilbutazoni ambayo imetumika kwa farasi kwa miaka mingi. Hawakutumia plasebo, na nadhani walikuwa sahihi, farasi ana maumivu na dawa inayojulikana ipo, kwa nini umnyime. Farasi alihesabiwa kafaulu kama kuchechemea kumeshuka gredi moja au zaidi, au kama jumla ya alama za kiungo, yaani maumivu kikishikwa, uvimbe na kukunjika, imeshuka kwa kiasi walichokuwa wameshakiweka. Neno la kuangalia hapo ni "au". Farasi anaweza kuhesabiwa kafaulu na bado anachechemea vilevile, ila uvimbe umepungua. Sio udanganyifu, kiungo kupungua uvimbe ni nafuu ya kweli, lakini kama wewe shida yako ni kuchechemea inabidi ujue kwamba namba ya jumla imechanganya vyote viwili. Dawa mbili zilikaribiana kwenye matokeo, ndo maana ikapita.

Nimalizie ile ya ivermektini maana niliiacha njiani. Kwa minyoo angalau kuna kitu cha kuhesabu, unachukua mavi ya farasi unahesabu mayai kwa kila gramu kabla ya dawa, unahesabu tena wiki mbili baadaye, unaona yamepungua kiasi gani. Hakuna kubishana gredi. Ila hapo napo unapima kazi ya dawa, hupimi ukali wa ugonjwa, kwa sababu kuna minyoo midogo ya farasi ambayo viluwiluwi vyake vinajificha kwenye ukuta wa utumbo kwa miezi, havitagi yai hata moja, halafu vinatoka kwa pamoja na farasi anaharisha mpaka anakufa huku mavi yake yakihesabiwa mayai machache au hakuna. Na bila shaka hesabu ya mayai ya minyoo kwenye mavi ya farasi haikuambii lolote kuhusu kirusi kwenye mapafu ya binadamu, wala dozi iliyopangwa kwa mnyama wa kilo 500.

Kwetu farasi ni wachache, ukienda Ngong Racecourse Nairobi utawaona, lakini punda tunao kila mahali, na Lamu ndo wanaobeba mji, shirika la Donkey Sanctuary lina kituo cha kuwatibu pale tangu 1987. Hapa kuna jambo ambalo wenye punda na hata baadhi ya maofisa mifugo wanalipuuza. Punda anaficha maumivu kuliko farasi. Farasi mwenye tumbo linalouma anajigaragaza, anatazama ubavu, anapiga chini kwa mguu, punda mwenye tumbo lilelile anaweza kusimama tu kimya ameinamisha kichwa, hali vizuri, basi. Ukimpima kwa kipimo cha farasi utamwandikia gredi ndogo wakati hali yake ni mbaya. Kwa hiyo vipimo vya maumivu vya punda vimeanza kutengenezwa peke yake, kwa kuwaangalia punda wenyewe. Na dawa pia, fenilbutazoni inatoka mwilini mwa punda haraka sana kuliko kwa farasi, dozi ya farasi mara moja kwa siku kwake inaisha mapema na maumivu yanarudi kabla ya dozi inayofuata, inabidi apewe kwa vipindi vifupi zaidi kwa maelekezo ya daktari. Ukikuta mtu anasema dawa hiyo haifanyi kazi kwa punda wake, muulize kwanza alimpa kila baada ya saa ngapi, na alijuaje kwamba bado anaumwa.